Nilimzika Shemeji Hewani

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, pengine mwenye duka alikufungia sabuni nalo, usijali, nitakudokeza. Mimi ndiye yule mama niliyekuwa nikiita majina ya wagonjwa kwenye dirisha la zahanati, nikaacha kazi nianzishe redio ya mtaa. Wakanicheka. Mlingoti ukaangukia banda la kuku la jirani. Fundi wa kwanza akatoroka na nyaya. Mtambo wa kurushia matangazo ukatufikia umelowa chapa. Bado nikasema redio itasema.

Sababu mnaijua. Mwaka wa mafuriko, mdogo wangu alikutwa na maji kitandani, na redio kubwa ya mjini ilikuwa imewashwa kando yake, inapiga nyimbo za mapenzi. Hakuna aliyemwambia kwamba mto umevunja kingo mtaa wa juu. Siku tuliyomzika niliapa nitaleta redio ndogo, hata kama haitavuka machinjioni, lakini itakayosema maji yamefika wapi. Anayetaka kucheka na acheke.

Basi tumefika hapa. Mlingoti sasa umesimama juu ya jengo la shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Mtaa mzima unamwita Ghorofa, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyejenga ghorofa tatu. Chumba chetu cha utangazaji ni stoo yake ya juu kabisa, tumeegemeza magodoro makuukuu ukutani ili sauti isivume. Mkaguzi wa serikali anakuja kesho. Akiridhika, tunapewa leseni. Asiporidhika, mtambo unafungwa, na mimi narudi dirishani kuita majina.

Masharti aliyotupa ni mawili tu. La kwanza, kabla ya ukaguzi tupige muziki peke yake hewani, asiongee mtu. La pili, redio ya jamii haina mwenyewe. Ikionekana ni mali ya mtu mmoja, leseni tuisahau.

Yashike hayo mawili, msomaji wangu, maana yote yalivunjika kabla jua halijazama.

Asubuhi Ghorofa alipanda ngazi akihema, akasimama mlangoni na vumbi la saruji kichwani.

"Shemeji, bado tu mnagongagonga?"

"Kesho tunakaguliwa, shemeji."

"Paa hili nimewapa kwa ajili ya mama. Asingeniomba mama, sasa hivi pangekuwa na tangi langu la maji pale. Mkishindwa kesho, tangi linapanda."

"Basi litasubiri mpaka liote kutu."

Akacheka, akamtazama fundi wetu kama anayemwonea huruma. "Redio ya mama mmoja! Hiyo itaishia jikoni kwake. Haya shemeji, ita wagonjwa, sisi tuna kazi."

Akashuka. Nilibaki nimekasirika mpaka masikio yanawaka moto, na hasira hiyo ndiyo iliyoniponza.

Sasa nikueleze tunavyofanya kazi. Mchana ni saa za mazoezi, na mazoezi hatuwezi kuyafanya hewani. Kwa hiyo fundi wetu wa pili, mtu wa makamo tunayemwita Waya, huchomoa waya wa antena nyuma ya mtambo na kuuchomeka kwenye boksi dogo la chuma. Boksi hilo analiita pipa, kwa sababu mawimbi yote yanaishia mle kama takataka. Tunaropoka, taa zinawaka, mishale inacheza, na huko nje hasikii hata paka.

Waya akirudisha antena ili apige muziki wa majaribio, hufunga kitambaa chekundu kwenye kitasa cha mlango. Kitambaa kipo, funga mdomo. Kitambaa hakipo, sema utakavyo. Hatukuwa na sheria nyingine.

Siku ile nilipoingia baada ya chakula cha mchana, kitambaa hakikuwepo.

Ndani nilimkuta Bi Mkunga anafuta meza. Huyu mama amezalisha nusu ya mtaa huu, akastaafu, na ndiye atakayeendesha kipindi cha afya. Haoni vumbi akalivumilia, hata kwenye nyumba ya watu.

"Leo tunafanya zoezi gani, mwanangu?"

"Vifo."

Wala asikudanganye mtu, kitu cha kwanza kitakachowafanya watu wafungue redio ya mtaa ni tangazo la kifo. Na mimi nimewafundisha watangazaji wangu hivi: usisome kifo cha mtu wa kubuni, sauti itakuwa kama ya mtu anayesoma risiti. Chagua mtu unayemjua, msome yeye. Bi Mkunga alikwisha kumzika mumewe mara kadhaa, na mumewe ndiye anayemletea chai kila tukimaliza.

"Haya, wewe leo unamzika nani?"

"Ghorofa."

Bi Mkunga alicheka mpaka akashika meza. "Mzike vizuri basi. Usimlipue."

Muziki ulikuwa unacheza kwenye mtambo. Nikadhani Waya ameusahau. Nikauteremsha taratibu, nikakaa, nikaisogeza maikrofoni, nikasafisha koo.

"Familia inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, anayejulikana na wengi kwa jina la Ghorofa, mjenzi, kilichotokea ghafla leo mchana akiwa kazini. Habari ziwafikie mama yake mzazi, kaka yake, dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mto, na mjomba wake popote alipo. Mipango ya mazishi inafanyika nyumbani kwa marehemu. Ndugu na jamaa mnaombwa kufika bila kukosa."

Nikanyamaza kidogo, kama inavyotakiwa. Nilipoinua macho, Bi Mkunga alikuwa anajifuta kwa upindo wa gauni.

"Mwanangu, umeniliza. Na mtu mwenyewe simpendi hata kidogo."

Nikasoma mara ya pili. Nakiri, mara ya pili niliitia chumvi kwenye sauti, na ikawa tamu zaidi.

Hatujatulia vizuri, tukasikia ukunga huko chini. Kisha mwingine. Tukakimbilia dirishani. Wanawake walikuwa wanakuja mbio, mikono kichwani, na wanaume wawili wanavuka barabara na benchi.

"Kuna msiba," alisema Bi Mkunga.

"Unaona sasa?" nikasema kwa uchungu. "Tungekuwa tumeshaanza, watu wangeusikia kwetu!"

Nikachungulia zaidi, nikapaza sauti. "Jamani, nani amefariki?"

Mama mmoja akaniangalia juu, machozi yanamtiririka. "Unatuuliza sisi? Si umetangaza mwenyewe!"

Kabla sijaelewa, mlango ukasukumwa. Waya aliingia anatota jasho, baiskeli yake ameiacha katikati ya ngazi.

"Mko hewani! Mko hewani muda wote!"

"Hewani wapi? Kitambaa hakipo mlangoni."

"Nimekifunga mwenyewe! Nimeweka muziki, nikafunga kitambaa, nikaenda machinjioni na redio ndogo kupima nguvu ya mawimbi!"

Tukageuka sote wawili. Bi Mkunga alikuwa amekishika mkononi, kibichi, kinadondosha maji.

"Hiki? Kilikuwa kichafu. Nimekifua."

Hapa nitasema kweli tupu, mnilaumu mkitaka. Neno la kwanza lililonitoka halikuwa pole, wala samahani, wala Mungu wangu.

"Machinjioni tunasikika?"

"Dada, kama uko sikioni."

Moyo wangu ukaruka. Nje watu wanalia, mkaguzi anakuja kesho, na mimi nimesimama natabasamu kama bibi harusi. Redio iliyosemwa itaishia jikoni ilikuwa imewatoa watu majumbani na mabenchi yao.

Furaha hiyo ilikatika nilipomwona mama mkwe.

Alikuwa anapandishwa ngazi na wanawake wawili, wamemshika kwapani. Kifuani amekumbatia redio ndogo tuliyompa ili atuambie kama muziki unasikika vizuri.

"Nimesikia kwa masikio yangu, mwanangu," aliniambia. "Wamemlaza wapi? Nipeleke nikamwone."

"Mama, hajafa."

"Umesema mwenyewe. Umesema mara mbili."

"Yalikuwa mazoezi, mama. Tulidhani hatusikiki. Hajafa, naapa, yuko kazini kwake."

Alikaa kwenye ngazi, akaiweka redio pembeni yake polepole. "Mazoezi," alisema. "Mmefanya mazoezi ya kifo cha mwanangu."

Nilipiga magoti nikamshika miguu. Nimeona aibu nyingi tangu nianze redio hii, na zote nimezitemea mate nikasonga mbele. Ile ya siku ile sikuweza kuitema. Nililia mbele ya watu wote.

Tukasikia sauti huko chini, kubwa, ya mtu aliyezoea kuwafokea vibarua.

"Nani amekufa kwangu? Mbona mmenijazia watu?"

Ilikuwa vurugu. Mwanamke mmoja alizimia. Wabeba benchi walilibwaga na kukimbia. Mke wa Ghorofa alimrukia mumewe, akamkumbatia, akambusu, kisha akamzaba kofi kwa kumtia hofu. Alipopata maelezo, Ghorofa alipanda zile ngazi kwa kasi ambayo sijapata kuiona.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mlingoti ushuke. Si kesho. Sasa hivi."

Nikainuka, nikajifuta uso. "Shemeji, nimemliza mama, na kwa hilo nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa. Wewe pia nakuomba radhi. Lakini mlingoti hautashuka."

"Paa ni la nani?"

"Paa ni lako. Mlingoti si wako."

Alifungua kinywa, simu yake ikalia. Ilikuwa ni mjomba wake, analia, anauliza mazishi ni lini. Hajakata, ikaingia nyingine. Kisha simu ya mke wake, kisha ya mama mkwe, kisha ya mume wangu, ambaye alikuwa amefika kutoka kazini na kiatu kimoja. Kila mmoja anajibu, "Hajafa, hajafa," na bado watu wanazidi kumiminika barabarani.

"Dada yenu mnaijua presha yake," mama mkwe aliwaambia wanawe. "Nani amempata kwenye simu?"

Hakuna aliyempata. Simu ya dada yao ilikuwa inaita bila kupokewa.

Mama mkwe alinigeukia. "Aliyemuua ndiye amfufue. Ingia ndani, useme yu hai."

Waya alinivuta pembeni. "Dada, fikiri. Mara ya kwanza tutamwambia mkaguzi ni bahati mbaya, na ni kweli. Ukiongea tena, hiyo ni makusudi. Leseni ndiyo basi."

"Tuzime mtambo, twende nyumba kwa nyumba," alisema Bi Mkunga, kile kitambaa bado mkononi. "Pengine huyo mkaguzi hata hajasikia."

Nilifikiri, ndiyo. Nilimfikiria wifi yangu ng'ambo ya mto na presha yake. Nikamfikiria mdogo wangu. Ile redio kubwa nayo, usiku ule wa maji, bila shaka ilikuwa na masharti yake mazuri kabisa ya nani aongee na nani asubiri.

"Leseni ya kunyamaza siitaki," nikasema. "Fungua mlango."

Ghorofa akaweka mkono mlangoni. "Ngoja. Wewe umeshasema nimekufa. Ukisema nimefufuka, nani atakuamini? Nitasema mwenyewe."

Ukweli ni ukweli hata ukisemwa na Ghorofa. Nikampisha kiti. Akakaa, akaitazama maikrofoni kama anayetazamana na mbwa asiyemjua.

"Naongea hapa?"

"Hapo hapo."

"Haloo. Haloo. Mimi ni Ghorofa. Sijafa."

Huko chini shangwe zililipuka. Walikuwa na redio zao mikononi, wanamsikia, na yeye anawasikia kupitia dirishani. Nikamwona uso wake unabadilika. Uso huo naujua, mimi mwenyewe niliuvaa siku ya kwanza niliposhika maikrofoni.

"Narudia, sijafa. Nina afya tele. Mlionililia, ahsanteni. Ambao hamkulia, nimewaona."

Kicheko huko chini. Ghorofa akasogeza kiti mbele. Nikamfanyia ishara kwamba yatosha. Akaniinulia kiganja kama anayemnyamazisha mtoto.

"Na nitumie nafasi hii kuwaeleza jambo. Watu wamekuwa wakiuliza, hii redio ni ya nani? Basi leo mjue. Redio hii ni yangu. Jengo langu, paa langu, stoo yangu. Huyu shemeji nimemwachia tu achangamke. Kuanzia kesho, kila asubuhi, mtanisikia mimi."

Waya alijishika kichwa. Sharti la pili hilo lilikuwa linakwenda na maji, tena kwa kipaza sauti.

Sikungoja. Nikaivuta maikrofoni ya pili, nikaifungua. "Ndugu msikilizaji, aliyekuwa akizungumza ni shemeji yangu. Kwamba yu hai, ni kweli. Yaliyobaki yote ni uongo. Redio hii ni ya..."

Ghorofa aliruka kutoka kitini akatoka nje. Swichi kuu ya jengo iko kwenye sanduku la chuma hapo hapo penye ngazi. Mishale ya mtambo ikalala, feni ikazunguka kivivu mpaka ikasimama. Nikasikia sanduku linafungwa, kisha kufuli.

Nilibaki na neno mdomoni na maikrofoni iliyokufa.

Simu yangu ikalia. Namba siijui.

"Mimi ni mkaguzi," sauti ya mwanamume ilisema, tulivu kabisa. "Nimekuja siku moja mapema. Niko ndani ya gari karibu na daraja, nasikiliza."

Nikageukia dirisha, nikatazama upande wa daraja.

"Kifo nimekisikia mara mbili, na kwa hilo tutazungumza. Kukanusha kifo nimekusikia. Hiyo ni dharura, naweza kuivumilia. Lakini nimemsikia mtu akisema redio ni mali yake, mama mmoja akaanza kumkatalia, kisha kimya. Nataka nisikie mwisho wa ile sentensi."

"Nakumalizia sasa hivi, mzee. Redio hii ni..."

"Si kwa simu, mama. Kwenye simu kila mtu ananiambia ninachotaka kusikia. Yeye amesema hewani na watu wote wamemsikia. Mkatalie hewani. Nina chupa ya maji hapa, naimalizia. Ikiisha bila kusikia sauti, nageuza gari, na ripoti itasema redio ni ya huyo bwana."

Akakata.

Nilitoka mbio. Ngazi zilikuwa zimejaa watu kutoka juu hadi chini, waombolezaji wasio na maiti, na hakuna aliyekuwa tayari kurudi nyumbani akakosa uhondo. Ghorofa alikuwa ameegemea dirisha la ngazi. Ufunguo alikuwa anauzungusha kidoleni.

"Lete, shemeji."

"Njoo useme vizuri, kama mpangaji anavyosema na mwenye nyumba."

Niliwageukia watu. "Jamani! Mlibeba mabenchi leo. Mlitoka mbio, mkaacha sufuria jikoni. Nani aliwaambia?"

"Redio!" walijibu wengi.

"Redio ya nani?"

Kimya. Wengine walitazama chini. Wengi wao ni wapangaji wa Ghorofa, na waliobaki wana waume au wana wanaomfanyia kazi. Kimya kile kiliniuma kuliko vicheko vyote vya mwaka mzima.

Ndipo mama mkwe alipojiinua pale alipokuwa amekaa. Hakumtazama mtu mwingine, alimtazama mwanawe tu, akamnyooshea kiganja.

"Lete ufunguo, baba. Ile redio iliniambia umekufa, nikalia. Ikaniambia uko hai. Ni yangu mimi niliyeisikiliza."

"Ya kwetu," alisema mtu huko nyuma. Mwingine akaitikia, na mwingine.

Ghorofa alimtazama mama yake. Akawatazama wapangaji wake. Niliona anameza mate, nikadhani yamekwisha. Kisha akautoa mkono wake wote nje ya dirisha, ufunguo unaning'inia kwenye kidole kimoja juu ya mtaro wa maji machafu.

"Sema mbele yao, shemeji," aliniambia. "Sema redio ni yangu, nakupa sasa hivi. Usiposema, haongei mtu."

Huko darajani, chupa ya maji ilikuwa inaelekea mwisho. Waya alikuwa ananiangalia kwa macho ya kuomba. Neno moja tu, macho yake yalisema, litamke upate ufunguo, utalikana baadaye.

"Achia, shemeji," nikamwambia. "Nimeshawadanganya watu hawa mara mbili leo. Ya tatu hunipati."

Kidole chake kikanyooka, ufunguo ukadondokea mtaroni.